Mjadala: Perpetua na Felisita waliuawa mwaka 203. Tuwakumbuke tu, au tuwaombe pia?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila mwaka mahujaji wakianza kufunga safari ya Namugongo kwa ajili ya siku ya Mashahidi wa Uganda, 3 Juni, ubishi ule ule huamka. Hawa wanasema, "Wanaabudu mifupa hao, Kaisari Constantine ndiye aliyeingiza upagani kanisani karne ya nne." Wale wanajibu, "Kanisa limefanya hivi tangu enzi za mitume, dini yenu nyie ni ya juzi." Nimeyasikia mpaka yamenichosha, na kwa maoni yangu pande zote mbili zinagombania historia ambayo haikutokea.

Nashauri tusianzie Buganda ya 1886, walipouawa Karoli Lwanga na wenzake. Tuanzie Karthago, jirani kabisa na Tunis ya leo, zaidi ya miaka 1,600 kabla ya Karoli Lwanga. Wengi humu mna shangazi anayeitwa Perpetua au jirani anayeitwa Felista, na sidhani kama wengi mmewahi kuuliza majina hayo yametoka wapi.

Perpetua alikuwa mwanamke wa miaka 22 hivi, wa familia yenye uwezo, aliyesoma, na alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya. Felisita alikuwa mtumwa, mjamzito wa miezi minane. Walikamatwa pamoja na wenzao Revocatus, Saturninus na Secundulus wakiwa bado wakatekumeni, yaani wanafunzi wanaojiandaa kubatizwa. Mwalimu wao Saturus hakuwepo siku hiyo, akaja kujisalimisha mwenyewe. Secundulus alifia gerezani. Waliobaki waliingizwa uwanjani tarehe 7 Machi 203, katika michezo ya kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Geta, mtoto wa Kaisari Septimius Severus.

Cha pekee ni kwamba Perpetua aliandika akiwa gerezani. Anaeleza giza na joto la shimo lile, maziwa yanavyomuuma kwa sababu mtoto hayupo, na jinsi mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, walivyowapa walinzi chochote ili wafungwa wahamishiwe kwa saa chache sehemu yenye nafuu. Saturus naye aliandika maono yake. Kisha mtu mwingine akamalizia habari ya uwanjani.

Sasa sikilizeni hili. Saturus akiwa amelowa damu baada ya kung'atwa na chui, alimwomba askari mmoja wa gereza, Pudens, pete ya kidoleni mwake. Akaichovya kwenye jeraha, akamrudishia iwe urithi na kumbukumbu ya damu. Constantine hajazaliwa bado, hakuna askofu aliyeagiza wala mtaguso ulioketi. Shahidi mwenyewe ndiye aliyegawa masalia yake, kwa mkono wake.

Lakini katika maandishi hayo hayo, Saturus anaota wameshafika mbinguni na nje ya lango wanamkuta askofu wao Optatus na kasisi Aspasius, wamesimama mbalimbali, wana huzuni. Viongozi hao wanawaangukia miguuni: tupatanisheni. Mashahidi wanashtuka: wewe si baba yetu, na wewe si kasisi, mbona mnatuangukia sisi? Malaika wanaingilia na kumwambia Optatus awarekebishe waumini wake, maana wanamjia kama watu wanaotoka uwanjani wakibishania timu. (Simba na Yanga hazikuanza leo.)

Msimamo wangu: heshima kwa mashahidi haikushushwa na wakubwa. Ilipanda kutoka kwa watu wa kawaida, na kwa miaka mia mbili maaskofu wa Afrika walikuwa wakiikimbiza, huku wakiibariki, huku wakiichapa viboko. Swali langu basi: mpaka kati ya kukumbuka na kuomba uko wapi, na nani mwenye haki ya kuuchora? Karibuni.

Mlokole Halisi

Bwana Yesu asifiwe. Mleta mada, umeandika vizuri ila umechanganya vitu viwili. Pete yenye damu ni ukumbusho, na ukumbusho sina ugomvi nao. Mimi nimeitunza kofia ya marehemu baba yangu. Siku nikianza kuiomba initafutie kazi, nipelekeni kwa mchungaji.

Kumbukumbu la Torati 18:11 inataja wazi "mtu awaombaye wafu" katika orodha ya machukizo. 1 Timotheo 2:5, mpatanishi ni mmoja. Na hiyo ndoto ya Saturus uliyoileta inanipa mimi ushindi, haiwapi Wakatoliki. Mashahidi wanaangukiwa miguuni na wanakataa! Ndivyo alivyofanya Petro kwa Kornelio: "Simama, mimi nami ni mwanadamu." Kama Perpetua angeona leo watu wamepiga foleni kubusu kisanduku chenye kipande cha mfupa, angesema maneno hayo hayo.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Mlokole, umesoma nusu. Hawakukubali kuangukiwa, sawa. Lakini mstari unaofuata unasema waliguswa, wakawakumbatia, wakaanza kuzungumza nao. Hawakuwaambia "ondokeni, hatuna la kuwasaidia".

Tena, ukurasa wa mwanzo kabisa wa maandishi ya Perpetua, ndugu yake anamwambia: dada yangu, sasa una heshima kubwa mbele za Mungu, omba uonyeshwe kama tutakufa au tutaachiwa. Watu walikwenda magerezani kuwaomba mashahidi wawaombee. Jambo hilo wewe unalikubali, maana hata kwenu mnapeleka maombi kwa mchungaji awaombee. Sasa niambie, upanga ulipopita shingoni mwa Perpetua, alipoteza nini? Upendo? Uwezo wa kuomba? Ufunuo 6:9 inaziweka roho za waliochinjwa chini ya madhabahu, na zinalia kwa sauti kuu. Wafu gani hao wanaopiga kelele mbinguni?

Hatuchanganyi ibada na heshima. Wakristo wa Smirna walishalijibu hili miaka kama hamsini kabla ya Perpetua. Askofu wao Polikarpo alipochomwa, wapinzani walisema mwili wake usitolewe, wasije Wakristo wakamwacha Msulubiwa wakaanza kumwabudu huyu. Waandishi wa barua ile wakajibu kwamba Kristo wanamwabudu kwa kuwa ni Mwana wa Mungu, na mashahidi wanawapenda kwa kuwa ni wanafunzi na waigaji wa Bwana. Halafu wakaikusanya mifupa ya Polikarpo, wakasema ina thamani kuliko vito na dhahabu, wakaiweka mahali pa kukutania kila mwaka. Karne ya pili hiyo, Mlokole.

Mpita Njia

Mlokole, na vitambaa vya upako tuviweke kundi gani? Nauliza tu.

Mlokole Halisi

Mpita Njia umenichokoza, ila sikwepi. Matendo 19:12 leso na nguo zilitoka mwilini mwa Paulo aliye hai, na uponyaji ulikuwa wa Mungu. Wanaouza vitambaa na mafuta kwa bei siwatetei, hata nikijua wanatoka upande wangu. Kwa hiyo usitumie uovu wa jirani kuhalalisha wa kwako.

Katekista, barua ya Smirna naikubali karibu yote. Upendo, mifupa kuzikwa kwa heshima, kukutana kila mwaka: amina. Nionyeshe basi mstari ndani ya barua hiyo unaosema "Polikarpo, utuombee". Haupo.

Mpenda Ushahidi

Mimi si mtu wa dini sana, naingia kwa upande wa hesabu. Mnaongea kana kwamba Warumi walichinja Wakristo kila siku kwa miaka mia tatu. Origen, mwanatheolojia, Mkristo mwenyewe na mtoto wa shahidi, aliandika katikati ya karne ya tatu kwamba waliokufa kwa ajili ya imani walikuwa wachache, wanaohesabika kwa urahisi. Baadaye ndipo hadithi zikafura. Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1802 walifukua kaburi katika katakombu (makaburi ya chini ya ardhi) ya Priscilla pale Roma, wakakuta vigae vimeandikwa LUMENA PAXTECUM FI. Wakavipanga upya vikasomeka "amani iwe nawe Filomena", na kutokana na vigae hivyo ukatengenezwa wasifu mzima wa bikira mfiadini, na ibada ikaenea dunia nzima. Mwaka 1961 Roma yenyewe ikalifuta jina lake kwenye kalenda. Mama yangu mdogo anaitwa Filomena na bado yuko hai, kwa hiyo sisemi kwa dharau.

Swali: kwa nini niamini Perpetua si Filomena mwingine?

Mleta mada

Mpenda Ushahidi, swali zuri. Origen aliandika kabla ya amri ya Kaisari Decius ya mwaka 250 na kabla ya mateso makubwa ya Kaisari Diocletian yaliyoanza 303, kwa hiyo hesabu yake haikufunga kitabu. Lakini kwa kipindi chake nakubaliana naye: mateso yalikuwa ya hapa na pale, yakitegemea gavana na hasira za mji.

Tofauti ya Filomena na watu wa Karthago ni aina ya ushahidi. Filomena ni vigae vitatu na njozi za baadaye. Afrika tuna kumbukumbu fupi ya kesi ya Karthago ya tarehe 17 Julai 180, watu 12 wa mji wa Scilli mbele ya liwali Mrumi aliyeitwa Saturninus (si yule mwenzake Perpetua). Haina chui wala njozi, ni maswali na majibu. Liwali anauliza: mna nini ndani ya hicho kisanduku? Speratus anajibu: vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Anawapa siku 30 wafikirie. Wanazikataa. Wanahukumiwa upanga, wanasema tunamshukuru Mungu, imekwisha. Hadithi ya kutunga ingewapa angalau muujiza mmoja.

Na Perpetua anaandika mambo ambayo mtunga sifa angeyaficha. Baba yake anakuja kumsihi aikane imani, anambusu mikono, anajitupa miguuni pake akilia. Mbele ya Hilarianus, aliyekuwa akikaimu uliwali, mzee huyo anaendelea kumvuta binti yake mpaka anaamriwa apigwe fimbo. Perpetua anasema alihisi maumivu kana kwamba amepigwa yeye. Baba hakuongoka mwishoni wala hawakupatana. Binti anamhurumia na haachi msimamo.

Binti wa Usharika

Mimi ni Mlutheri, na hapo alipofikia Mleta mada ndipo panaponichoma. Katekista, mmempandisha Perpetua altareni mpaka tumeacha kumwona. Huyu ni mama aliyemtoa mtoto kifuani. Felisita alijifungua gerezani kwa uchungu wa mwezi wa nane, mtumishi wa gereza akamcheka: unalia sasa, utafanyaje mbele ya wanyama? Akajibu kwamba sasa anayeteseka ni yeye, na kule atakuwepo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake. Binti aliyezaliwa akalelewa na dada mmoja wa kanisani. Hayo yote tumeyageuza kuwa picha ya wanawake wawili wanaotabasamu na matawi ya mitende.

Lakini upande wetu sina la kujivunia. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 21, halikusema tuwasahau. Linasema kumbukumbu ya watakatifu iwekwe mbele yetu tuige imani yao na matendo yao mema. Linachokataa ni kuwaomba msaada. Luther mwenyewe, watawa wawili wa Kiagostino walipochomwa Brussels tarehe 1 Julai 1523, alitunga wimbo juu yao. Sisi tumeshika nusu ya kukataa, nusu ya kukumbuka tumeitupa. Nimekulia usharikani, nimepita kipaimara, na jina la Perpetua nimelisikia kwa mara ya kwanza kwa jirani Mkatoliki. Mlokole, kwenu je? Lini mlihubiriwa juu ya Saturus?

Mlokole Halisi

Sijawahi. Hilo umenishika.

Mtu wa Pwani

Assalaam alaykum. Nawasoma na kutabasamu. Badilisheni majina tu, mjadala huu tunao sisi. Lamu wakati wa Maulidi watu wanazuru kaburi la Habib Swaleh, wengine wanasema ni dua na adabu kwa mja mwema, wengine wanasema ni bidaa na mlango wa shirki. Hoja ni hizi hizi mpaka ukali wake. Nimepita kusalimia, endeleeni.

Mwana Kampala

Nami naongeza la kwetu. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda tarehe 18 Oktoba 1964, katika mahubiri yake aliwataja mashahidi wa Scilli, na akasema nani angefikiri kwamba pamoja na Sipriani, Felisita na Perpetua tungekuja kuwataja Karoli Lwanga na Matias Mulumba na wenzao. Akataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Kwa hiyo kuanzia Karthago si kuhama mada.

Sasa njooni Namugongo muone mipaka yenu inavyofanya kazi. Kuna mahali pa Wakatoliki na mahali pa Waanglikana, na kote wanakuja watu kwa maelfu 3 Juni. Ibara ya 22 ya imani ya Waanglikana inasema kuwaomba watakatifu na kuabudu masalia ni jambo la kubuni lisilo na msingi katika Maandiko. Sawa, hawawaombi. Lakini wanakuja, wanasimama pale pale walipochomwa vijana wale, wanalia. Na upande wa Wakatoliki watu wanachota maji ya bwawa kwenye madumu na chupa kwenda nayo nyumbani. Hakuna aliyewaamuru. Hapo ndipo nakubaliana na Mleta mada: hii kitu inatoka chini.

Mleta mada

Mwana Kampala amenifungulia njia. Naomba mnivumilie, hili ni refu.

Tatizo la kwanza la maaskofu wa Afrika halikuwa mifupa. Lilikuwa mashahidi walio hai. Mwaka 250 Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu na apate cheti. Vyeti hivyo vipo hadi leo, vimepatikana Misri zaidi ya arobaini, vimeandikwa kwa mtindo mmoja: daima nimetoa sadaka kwa miungu, na sasa mbele yenu nimemimina na kuonja, naomba mthibitishe. Wakristo wengi walikubali, wengine walinunua cheti bila kutoa sadaka. Hofu ilipopoa wakataka kurudi kanisani, wakaenda kwa wale waliokuwa magerezani wakaombe barua za msamaha. Barua zikatoka. Sipriani, askofu wa Karthago, analalamika kwamba nyingine ziliandikwa "apokewe fulani pamoja na watu wake". Fulani na watu wake! Hao watu wake ni wangapi, ishirini, thelathini? Sipriani hakuwa adui wa mashahidi. Yeye mwenyewe alikatwa kichwa 14 Septemba 258, na waumini walitandaza vitambaa mbele yake kabla upanga haujashuka, kisha usiku wakamsindikiza kaburini kwa mishumaa na mienge. Alichokataa ni heshima ya shahidi kugeuzwa njia ya mkato.

Halafu yuko Lucilla, mwanamke tajiri wa Karthago. Kabla ya kupokea Ekaristi alikuwa anabusu mfupa aliosema ni wa shahidi. Shemasi mkuu Caecilianus akamkemea: mfupa huo haujathibitishwa, na hata ungethibitishwa hautangulii kikombe cha Bwana. Lucilla akaondoka na hasira yake. Miaka ikapita, Caecilianus akachaguliwa askofu, na fedha za Lucilla zikawa upande wa wapinzani waliomsimika Majorinus, mtu wa nyumbani kwake. Ndio mwanzo wa mfarakano wa Wadonati uliolipasua kanisa la Afrika kwa zaidi ya karne. Aliyetusimulia, Optatus wa Milevi (si yule wa ndoto ya Saturus), alikuwa wa upande wa Caecilianus, kwa hiyo chumvi ipo. Lakini angalieni sura ya ugomvi: hakuna aliyekataa kwamba shahidi aheshimiwe. Waligombania mfupa upi, na kwa idhini ya nani.

Monika, mama yake Agostino, alipofika Milano alikwenda makaburini na uji, mkate na divai kama alivyozoea Afrika. Bawabu akamzuia: askofu Ambrosi amekataza. Sababu mbili, watu walikuwa wanalewa, na mambo yale yalifanana mno na matambiko ya Warumi kwa wafu wao. Monika akatii bila kununa. Mwanawe anashangaa alivyotii haraka, na anadiriki kusema kama aliyekataza angekuwa mtu mwingine asiyempenda kama Ambrosi, pengine mama asingeacha.

Na kubwa kuliko yote: mwaka 401 maaskofu waliokutana Karthago waliamua kwamba altare zilizotapakaa mashambani na barabarani kama kumbukumbu za mashahidi, ambamo hakuna mwili wala masalia yaliyothibitishwa, zibomolewe na maaskofu wa maeneo hayo. Na kama ghasia za watu haziruhusu, basi angalau watu waonywe wasiende. Altare zilizojengwa kwa ndoto na mafunuo hewa zikataliwe kabisa. Soma tena hapo pa ghasia. Maaskofu waliwaogopa waumini wao.

Kwa hiyo Mlokole, si kweli kwamba kanisa lililala likaamka limejaa upagani. Na Katekista, si kweli kwamba lilitembea njia moja iliyonyooka.

Katekista Mstaafu

Nimekusoma, na hayo ya 401 nilikuwa siyajui kwa urefu huo. Lakini umekatia hadithi pale panapokufaa. Endelea mbele kidogo. Mwaka 415 kasisi Lucianus alifukua kaburi la Stefano, shahidi wa kwanza, karibu na Yerusalemu. Masalia yakasambaa, yakafika Hippo, katika Algeria ya leo, mji ambao Agostino alikuwa askofu wake. Agostino huyu mwanzoni aliandika kwamba miujiza ya namna ya mitume haikuachwa iendelee hadi siku zake. Uzeeni akajisahihisha. Akajenga mahali pa Stefano, akaagiza kila aliyeponywa aandike ushuhuda usomwe mbele ya watu. Haijatimia miaka miwili, shuhuda zilikuwa karibu sabini. Askofu huyo huyo wa Afrika, Mleta mada. Hakukimbiza watu na kiboko, alikwenda nao.

Nami niseme la majina, kwa kuwa umeuliza. Shirika la Wamisionari wa Afrika lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, ambaye 1884 akawa askofu mkuu wa Karthago. Mapadre wake ndio waliofika Buganda 1879, na Karema, na Tabora. Mmoja wao, Delattre, akichimba Karthago alipata mwaka 1907 vipande vya jiwe vyenye majina ya Saturus, Saturninus, Revocatus, Secundulus, Felisita na Perpetua. Watu waliotubatiza sisi walikuwa na nyumba yao kwenye mavumbi yale. Haishangazi tuna akina Perpetua wengi Kanda ya Ziwa.

Mlokole Halisi

Subiri, Katekista. Huyo Lucianus alijuaje pa kuchimba?

Katekista Mstaafu

Alionyeshwa ndotoni.

Mlokole Halisi

Nilijua. Mwaka 401 altare za ndoto zibomolewe, mwaka 415 ndoto inafukua kaburi na dunia nzima inashangilia. Na mkirudi kwa Perpetua ni ndoto tena. Anamwota mdogo wake Dinocrates aliyekufa na umri wa miaka saba kwa ugonjwa wa usoni, yuko gizani, ana kiu, na ukingo wa birika uko juu hafikii. Anamwombea, kisha anamwota tena amepona, ukingo umeshuka, anakunywa na kwenda kucheza. Inagusa moyo, sikatai, nilipoisoma nilinyamaza. Lakini ndio msingi wa kuwaombea na kuwaomba wafu?

Mleta mada

Hapo Mlokole anaye mtetezi asiyemtarajia. Wakati wa Agostino kijana mmoja, Vincentius Victor, alitumia ndoto ya Dinocrates kudai mtoto asiyebatizwa anaweza kuingia peponi. Agostino akamjibu kwamba andiko lile si sehemu ya Maandiko ya kanoni, hivyo halitoshi kuamua jambo kama hilo, na tena nani kamwambia mtoto hakuwa amebatizwa? Na huyu ndiye aliyekuwa akihubiri katika sikukuu yao kwa heshima ya wanawake hao, na maandishi yao yakisomwa kanisani. Aliyasoma kwa sauti na akakataa kuyafanya sheria. Nadhani huo ndio mpaka ninaoutafuta, japo Katekista ana haki kwamba kwenye suala la Stefano mzee alilegeza. Ndoto ya Lucianus ilikubaliwa kwa sababu kulikuwa na askofu wa Yerusalemu pale kaburini. Za wakulima wa Afrika, zile za 401, hazikuwa na askofu. Sipendi jibu hilo, ila naliona ndilo la kweli.

Mpenda Ushahidi

Kwa hiyo jibu la "nani ana haki ya kuchora mpaka" ni: mwenye cheo.

Mwana Kampala

Na bado watu wanachota maji.

Binti wa Usharika

Mimi naona niondoke na jambo la kufanya. 7 Machi ijayo nitapendekeza kikundi chetu cha wanawake tusome maandishi ya Perpetua yote, na pale pa baba yake pasirukwe. Tutasoma, tutajadili, tutamwomba Mungu. Yeye hatutamwomba. Katekista, karibu sana, ukitaka kumwomba fanya hivyo ukirudi kwenu.

Katekista Mstaafu

Nitakuja binti yangu. Hata kwetu siku hiyo mara nyingi inaangukia Kwaresima, inapita kimyakimya. Litania nitaiimba njiani. Mlokole, unakuja?

Mlokole Halisi

Nikija, nasoma mimi sehemu ya Saturus.